Gunia la Kairu

Kajuju alimleta ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, amefunikwa kwa sweta yake mwenyewe ya kazini. Nilikuwa napepeta maharagwe mbele ya nyumba. Akaiweka katoni kando ya miguu yangu, akasema, "Mami, nimekuletea askari."

Nikachungulia. Askari mwenyewe alikuwa amelala usingizi, mweusi tii, masikio yameanguka, tumbo limejaa kama la mtoto aliyekula sherehe.

"Huyu ndiye askari? Huyu hata kuku wangu watampiga."

"Atakua."

"Na akikua atakula nini?"

"Mami, wezi wamekata waya wa ua mara mbili sasa. Walienda na kuku, halafu wakarudi wakaenda na nguo zikiwa bado kwa kamba. Unangoja waingie mpaka ndani?"

Kajuju ndiye kitindamimba wangu, ni mwalimu huko Embu. Tangu baba yake afariki amekuwa akinibembeleza niende tukaishi naye, na mimi nimekuwa nikimwambia nina kuku, nina shamba, nina kanisa langu hapa Meru, siwezi kwenda kukaa kwa nyumba ya kupanga nikiangalia ukuta. Alijua nitakataa tena. Kwa hivyo safari hii hakuuliza. Alileta mbwa.

Nilimwita Kairu, maana kwetu hilo ni jina la kitu kidogo cheusi. Siku ya kwanza alilia hadi sauti ikamwisha, nikampa chupa ya maji moto niliyoizungushia kitambaa, akailalia akidhani ni mama yake. Nikamwonea huruma. Hapo ndipo nilipojua kwamba habari ya kumrudisha imekwisha.

Lakini kulikuwa na Mwanabibi.

Hapa Kinoru, mtaani kwetu Meru, tunaishi wajane wawili ndani ya ua mmoja. Mume wangu Mutembei alikuwa akizunguka masoko ya huko Mbeere, akinunua mbuzi na kumletea Mbarak, mume wa Mwanabibi, ambaye alikuwa na bucha Majengo. Wakafanya kazi pamoja mpaka wakaaminiana, wakanunua ploti mbili zinazopakana, wakazungusha ua mmoja, geti moja, mfereji mmoja wa maji. Watu walisema, Mmeru na Mwislamu wa Majengo, hawa watagombana kabla ya mabati kupanda. Hatukugombana. Mutembei alipokufa, Mwanabibi aliketi nami chini kwenye mkeka hadi waombolezaji wakaisha, na yeye akabaki. Mbarak alipokufa, yeye akiwa ndani ya eda hatoki, mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea mboga na habari za mji.

Mimi humwita Mama Yasser, kwa jina la mwanawe anayeendesha ile bucha siku hizi. Yeye huniita Mama Kajuju.

Kila siku alasiri alikuwa akija kwangu. Mlango wake unatokea moja kwa moja kwenye udongo, lakini mimi nina veranda ya simiti, safi, nayo inaangalia kaskazini, upande wanaoelekea wao wakiswali. Azana ikisikika kutoka Majengo, anatia udhu pale mferejini, anakuja na mswala wake juu ya mkono, anatandika, anaswali. Mswala huo ulikuwa wa Mbarak. Alitoka nao Hija, wa kijani hafifu, na tangu azikwe Mwanabibi hakuswali juu ya mwingine. Mimi wakati huo huwa nimekaa kwenye kigoda nikisoma Biblia yangu kimya kimya. Akimaliza anakunja mswala, nafunga Biblia, tunakunywa chai. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia mwenzake abadilike. Tuliona kila mmoja anaongea na Mungu, na chai iko motoni.

Sasa siku ile ya Kairu akaja kama kawaida, akaiona katoni ikitikisika.

"Mama Kajuju, ni nini hicho?"

"Ni mtoto wa mbwa. Kajuju ameniletea."

Akarudi nyuma, akakusanya buibui lake kwa mkono mmoja. "Wa kukaa?"

"Wa kulinda."

Akafikiri kidogo. Mwanabibi si mtu wa kuropoka. "Wa kulinda ni sawa. Dini haimkatazi mtu mbwa wa kulinda. Lakini mate yake, Mama Kajuju! Mate yake, na mwili wake akiwa ameloa. Akinigusa, nguo yangu ni ya kuosha mara saba, na moja iwe kwa udongo. Na haya magoti yangu unayajua."

"Hatakugusa."

"Mbwa hajui Alasiri."

"Atajua."

"Basi mpaka ajue, mimi nitaswali kwangu."

Hakusema kwa hasira. Aliniaga vizuri, akarudi kwake, na veranda yangu ikabaki tupu. Siku zilizofuata nilikuwa nampelekea kikombe mlangoni, tunasimama hapo tukiongea maneno mafupi kama watu wanaongoja kuitwa hospitalini, halafu narudi peke yangu na vikombe. Nilisoma Biblia lakini nilikuwa nasoma mstari mmoja huo huo. Nikaona, huyu mbwa ni lazima afunzwe. Sitampoteza Mwanabibi kwa ajili ya mbwa, na huyu mdogo naye ameshanizoea, akisikia ndara zangu anaamka.

Nikaanza kumlea.

Mtoto wa mbwa ni kama mtoto wa mtu. Akiamka anakojoa, akila anakojoa, akifurahi sana anakojoa. Nilikuwa namtoa nje mbio mbio kila akifungua macho, akikojoa penye nyasi namsifu kama amepita mtihani. Alinitafunia ndara zote mbili, nikaanza kuzitundika juu ya msumari. Kuku aliwafukuza siku moja. Nikamshika nikakaa naye katikati yao nikiwa nimemkumbatia, kuku wanadona mahindi mpaka karibu na pua yake, yeye anatetemeka kwa hamu. Tulikaa hivyo asubuhi nyingi. Mwishowe akachoka kutetemeka, akalala, na kuku mmoja akapanda juu yake.

Chakula chake kilikuwa uji, makombo ya mukimo, na matumbo kutoka kwa Yasser. Mwanabibi ndiye aliyesema na mwanawe. Yasser mwenyewe alikuwa akinifungia kwa gazeti huku akicheka, "Hii ni ya yule kijana wako, Mama? Mwambie akimaliza shule aje, kuna kazi ya kulinda bucha."

"Bado yuko nasari," namjibu.

Shule yenyewe ilikuwa gunia. Nilichukua gunia la zamani la mbolea, nikalifua, nikalitandika pembeni mwa veranda. Nikawa nashika kipande cha matumbo, namwita mpaka akanyage gunia, namwambia kwa Kimeru, "Kara nthi," yaani keti chini, na akiketi tu nampa. Akishuka, hapati. Sikumpiga. Nimefundisha watoto wa Sunday school miaka mingi, najua mtoto ukimpiga anajifunza kukuogopa wewe, somo lenyewe linapita. Polepole akaelewa. Ikawa nikitandika tu gunia, kabla hata sijasema neno, anakuja mbio analala juu yake, kichwa juu ya miguu ya mbele, macho kwangu.

Halafu mvua zikaja. Gunia halikuwa linakauka. Siku nyingine nilitandika kipande cha blanketi, akalala. Siku nyingine leso iliyochakaa, akalala. Siku nyingine taulo. Nikafurahi sana, nikasema kweli huyu ana akili, hahitaji hata gunia lake. Kwenye ushirika wa kina mama nilimsifu mpaka Purity, mwenyekiti wetu, akaniambia, "Mama Kajuju, mlete atufundishie waume zetu."

Nikajiona fundi.

Mvua zilipopungua nikaenda kwa Mwanabibi. "Mama Yasser, njoo leo. Njoo uone."

"Nione nini?"

"Wewe njoo."

Akaja, buibui limebanwa, mswala juu ya mkono, anatembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nilikuwa nimeshatandika gunia. Kairu akamwona, mkia ukaanza kupiga simiti, lakini hakunyanyuka. Mwanabibi akakaa kwenye kigoda upande wa pili. Akamwangalia. Kairu naye akamwangalia.

"Hainuki?"

"Hainuki."

"Subhanallah. Huyu ana adabu kuliko wajukuu wangu." Akacheka, na ule mwili wake uliokuwa umejikaza ukalegea. "Wale juzi wameniruka kitandani na viatu."

Tukakaa, tukaongea habari ambazo hazikuwa zimetosha pale mlangoni. Azana ikaja. Akainuka kwenda mferejini kutia udhu.

Hapo nikaharakisha kumtengenezea mahali. Nikaona si vizuri gunia la mbwa liwe kwenye veranda moja na mswala. Nikamwondoa Kairu, nikalikunja gunia, nikalitundika nyuma ya nyumba, nikafagia, nikamwaga maji kidogo, nikapangusa. Kairu akaenda kunywa kwenye mkebe wake. Mwanabibi akarudi, akatandika mswala wa Mbarak, akageuka kuurekebisha mtandio wake.

Kairu akatokea pembeni, maji yakimdondoka kidevuni. Akaangalia mahali pa gunia, hapana gunia. Akaangalia veranda, kuna kitu kimoja tu kimetandikwa. Akaenda kwa heshima zote, akaketi chini, akalala pale pale Mwanabibi anapoweka kipaji cha uso, kichwa juu ya miguu, macho kwangu, akingoja matumbo yake.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, lakini ilikuwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwangu. Na kwa kuogopa, akakojoa.

Mwanabibi akageuka.

Hakupiga kelele yeye. Alisimama tu, mikono bado iko kwenye mtandio. Nikamkokota Kairu kwa ngozi ya shingo, na hata nikimkokota alikuwa akitingisha mkia chini chini, hajui amekosea wapi.

"Mama Yasser, nisamehe. Mama Yasser, nipe nioshe mimi."

"Mchukue mbwa wako, Mama Kajuju."

Akaushika mswala kwa ncha mbili, akaukunja sehemu yenye maji ikiwa ndani, akaenda nao ameunyoosha mkono mbali na nguo yake. Chai ilichemka mpaka ikamwagikia moto.

Asubuhi nilimwona mferejini, ameinama, na magoti yale. Nikaenda bila kuitwa, nikachukua jagi, nikawa namwagia maji naye anasugua. Hakunikataza wala hakunisemesha. Ilipofika zamu ya udongo akaniangalia. Nikaenda chini ya mti wa mkadamia, nikachimba pale ndani ambapo hakuna aliyepakanyaga, nikauchekecha kwa mikono, nikamletea. Udongo wetu wa Meru mnaujua, mwekundu kama damu ya ng'ombe. Akausugua, akausuuza, akasuuza tena, na ule wekundu ukabaki pale kwenye kijani, doa pana kama kiganja.

"Sasa nao umekuwa wa Meru," akasema.

Sikujua kama nicheke. Nikamwangalia usoni, nikaona nisicheke.

Tangu siku hiyo hakuja. Na hata mlangoni kwake nikipeleka chai, anapokea, anasema asante, anasema anaumwa na kichwa. Alasiri mlango unafungwa. Mswala niliuona umeanikwa, halafu nikaona umetolewa, lakini yeye simwoni. Kairu alikuwa akilala kwenye gunia lake akinitazama, nami nikimpa matumbo mkono wangu ulikuwa mzito.

Nilimwambia Mungu. Nilisema, Mwathani, mimi ni mtu wa darasa la saba, sijui mambo makubwa. Huyu mama ulinipa siku ile uliyomchukua Mutembei. Nikimweka mbwa nitampoteza. Nisaidie nimtoe huyu mbwa bila moyo wangu kugeuka jiwe. Nilipoinuka sikusikia sauti yoyote, lakini nilijua la kufanya, nikampigia simu ndugu yangu Kaburu.

Kaburu anakaa Ishiara, ana mbuzi wengi na pikapu ya zamani ambayo huleta nayo ndengu Meru. Aliposhusha ndengu zake akapitia kwangu mchana, akaingia getini akiimba.

"Yuko wapi huyu mwanafunzi?"

Kairu alikuwa juu ya gunia. Kaburu akamzunguka. "Dada, mbwa analala kwa gunia lililofuliwa? Huko kwangu atalala na mbuzi. Akienda kutafuta gunia, atakuta mbuzi amelila."

"Usimpige."

"Nani amesema nitampiga?"

"Anaelewa ukimwambia pole pole. Na usimpe mifupa ya kuku. Na anaogopa ngurumo."

"Dada, nachukua mbwa au naoa?"

Nilimfunga kamba mwenyewe. Alidhani ni mchezo, akaishika kamba kwa meno akinivuta. Tulipofika karibu na pikapu, alipoona Kaburu ndiye anayeishika kamba na mimi nimebaki nyuma, akalala chini, akakataa kutembea, akaanza kulia ule mlio wa siku ya kwanza. Kaburu akamvuta kidogo. Mimi nikageuka nikaangalia mgomba.

Mlango wa Mwanabibi ukafunguka.

"Huyo anapelekwa wapi?"

"Ishiara," nikasema. "Kaburu ana mbuzi wa kulindwa."

"Nani ameamua?"

"Mimi."

"Uliniuliza?"

"Mama Yasser, si mbwa ni wangu?"

"Na geti ni la nani?" Akaja mpaka katikati ya ua, ameegemea ukuta wa mferejini. "Tangu huyu aanze kubweka, kuna mtu amekata waya? Mimi silali hapa ndani? Masikio yangu yanafikiri analinda nyumba moja?"

Kaburu akalegeza kamba.

"Nilifikiri umekasirika," nikasema. "Kwa ajili ya mswala."

"Nilikasirika siku hiyo. Siku hiyo ningemtupa huyu mbwa mtoni na wewe nyuma yake." Kisha akaongea chini chini, nikalazimika kumsogelea. "Mama Kajuju, Mbarak alikuwa akijipaka mafuta ya udi kichwani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ungejua amepita."

"Yalikuwa yamebaki kwenye mswala. Pale anaposujudu. Mimi sikuwa nikijua. Kila siku nainama pale naona tu nimetulia, nikafikiri ni sala. Sasa nimeosha mara saba, nainama, hakuna kitu. Ni harufu ya sabuni." Akajifuta uso na mtandio. "Wiki yote nimekuwa nikimlilia upya kama nimemzika juzi. Sasa nije kukaa hapo kwako nikilia kama mtoto, na wewe unafikiri nakulilia mbwa?"

Nilimshika mkono. Nami koti la Mutembei nililiweka sandukuni mpaka likanuka sanduku, na siku nilipogundua nilikaa kitandani asubuhi nzima nalo mapajani. Nikamwambia hilo. Akaitikia kwa kichwa, tukasimama hivyo.

Kaburu ni mtu asiyeweza kuona mwanamke analia, akajifanya anakagua magurudumu ya pikapu, anayapiga teke moja moja.

"Na huyo hakukosa," Mwanabibi akasema, akimwelekezea Kairu kidevu. "Nimefikiri sana. Ulimfundisha nini?"

"Kulala kwenye gunia."

"Si gunia. Nilikuwa nawaona kwa dirisha. Gunia, blanketi, leso, taulo. Ulimfundisha kila kilichotandikwa ni chake. Mimi nikatandika, akaja akalala. Alifanya yale mwalimu alisema."

Nikaona kweli. Mimi niliyejiita fundi sikuwa nimeliona, na yeye ameliona kupitia dirisha.

"Sasa nitafanya nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi hata kumgusa simgusi." Lakini alikuwa anafikiri, nilimwona. "Mpe mahali ambapo hapafanani na mswala. Pasiwe kitu cha kutandika. Pawe na ukingo, kama kitanda cha mtoto." Macho yake yakaenda nyuma ya pikapu, ambapo Kaburu alikuwa amebeba tairi lililokwisha meno. "Lile."

"Mama, lile ni la akiba!" Kaburu akasema.

"Limetoboka, naona mwanga upande wa pili."

"Kwa hivyo nimekuja kuchukua mbwa, narudi Ishiara na kamba tupu na bila tairi?"

"Na utakunywa chai," Mwanabibi akamwambia. "Mama Kajuju, mpe kijana chai." Kaburu ana mvi.

Akalishusha lile tairi akinung'unika, akaliviringisha hadi pembeni mwa veranda. Kairu akalinusa, akalikojolea.

Basi tukaanza upya, na safari hii tulikuwa walimu wawili. Gunia nililichoma. Mwanabibi alikuwa akitoa leso yake kuukuu, anaitandika katikati ya veranda, anarudi kukaa mlangoni kwake. Mimi nasimama kando ya tairi na matumbo. Mwanzoni Kairu alikimbilia leso kila mara, analala, ananiangalia, akishangaa kwa nini sasa hapati kitu. Mimi nangoja. Nikianza kuchoka na kuinua sauti, nasikia kutoka mlangoni, "Usimkemee! Ukimkemea atakojoa tena!"

"Sijamkemea."

"Uso wako unamkemea."

Akiingia kwenye tairi, hata kwa bahati mbaya, napiga makofi, nampa. Mwanabibi naye kule kwake anapiga makofi. Watu waliopita nje ya ua walidhani tuna ibada.

Ilichukua muda. Kusahau ni kugumu kuliko kujifunza, hata kwa mbwa. Kulikuwa na siku alikuwa anaweka miguu ya mbele ndani ya tairi na ya nyuma kwenye leso, kama mtu asiyetaka kuwaudhi wakwe wa pande zote mbili. Mwanabibi alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha siku moja leso ilitandikwa, akaizunguka kwa mbali kabisa, akaingia ndani ya tairi lake, akajikunja. Na kesho yake hivyo hivyo. Na mvua ikanyesha, na jua likawaka, na wageni wakaja, na Kajuju akaja kutoka Embu akashangaa, "Mami, huyu askari amekuwa ndama?" Maana alikuwa amekua, mgongo unagusa ukingo pande zote, lakini hakukubali kutoka.

Mimi sikumwita Mwanabibi safari hii. Niliogopa kuita.

Alikuja mwenyewe. Azana ilisikika, nikamwona mferejini, nikafikiri anatawadha tu aende kwake. Nikasikia buibui likipita nyuma yangu. Alikuwa na mswala wa Mbarak juu ya mkono, doa letu jekundu limekunjwa upande wa nje, hakulificha.

Akatandika. Nikachukua Biblia yangu, nikakaa kwenye kigoda, lakini sijui nilifungua wapi. Nilikuwa namwangalia Kairu. Yeye alikuwa ndani ya tairi. Mswala ulipofunguka akainua kichwa. Masikio yakasimama. Akanyanyuka, akaweka mguu mmoja juu ya ukingo wa tairi, na moyo wangu ukasimama hapo juu ya ule mguu. Nilitaka kusema, nikakumbuka uso wangu, nikaulegeza.

Mwanabibi alikuwa ameshaanza sala. Hangeweza kugeuka hata kama angetaka.

Kairu akanusa upepo. Akaniangalia mimi, akaangalia mswala, akaangalia tena mimi. Halafu akaurudisha ule mguu ndani, akageuka duara, akageuka tena, akajitupa chini kwa pumzi ndefu kama mzee aliyetoka shamba.

Mwanabibi akarukuu. Akasujudu, akiweka kipaji cha uso pale penye doa. Alikaa chini kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilifikiri ni magoti, nikataka kwenda kumwinua, kisha nikaona mabega yake, nikabaki mahali pangu, nikamwombea kwa namna yetu. Akainuka mwenyewe polepole. Alipofika mwisho akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na kushoto ndiko kulikokuwa na tairi, na Kairu ndani yake akipiga mkia kwenye mpira, dup, dup.

Akaukunja mswala, akauweka mapajani, akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

"Bado sabuni?" nikamuuliza.

"Sabuni imeisha." Akafikiri. "Sasa ni harufu ya udongo. Kama baada ya mvua." Kisha akageukia lile tairi, akakunja uso kama mwalimu mkali. "Haya, Mama Kajuju, mpe huyu matumbo yake kabla hajaanza kula tairi. Halafu ulete chai, tangu tuanze ile ya mlangoni sijanywa chai ya maana."